Zabuni za halmashauri: ziko wazi kweli au mpaka umjue mtu?

Mkuu uliyeuliza kama kijana mwenye karakana ya samani hapa Arusha anaweza kupata zabuni ya madawati bila kumjua mtu: anaweza. Mimi nina duka la steshenari Kaloleni, nauzia ofisi za umma, na sina mjomba serikalini.

Jisajili kwanza NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Mfumo wa zamani, TANePS, uliwekwa kando Oktoba 2023, siku hizi zabuni zinapita NeST. Ukiwa na TIN (namba ya mlipakodi), namba ya NIDA na leseni, tangazo unaliona saa ileile analoliona tajiri wa Dar. Wengi hudhani usawa unaishia hapo.

Usawa wenyewe umelala kwenye nyaraka za zabuni, sehemu ya vigezo. Tathmini inafuata kilichoandikwa mle. Kamati ya tathmini hairuhusiwi kuibua sharti jipya zabuni zikishafunguliwa. Soma kurasa hizo kabla hujagusa kikokotoo. Kuna taasisi moja hapa mjini ilitaka wino wa printa, ikataja chapa na namba ya toleo, basi. Wauzaji wa chapa ile mjini tunajuana. Sikwenda kumwona afisa manunuzi. Niliuliza ndani ya mfumo: wino mwingine unaolingana na huo unakubalika? Majibu ya namna hiyo hayaji kwa muulizaji peke yake, yanawafikia washindani wote. Yakaongezwa maneno "au unaolingana nao". Zabuni hiyo sikuipata, jamaa mmoja alinizidi kwa bei, na kwa bei ile hata mimi ningempa yeye.

Ile asilimia 30 ya manunuzi ambayo wengine wanailalamikia kwamba ni upendeleo, sheria imeitenga kwa wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Badala ya kununa, wewe na mafundi wenzako sajilini kikundi cha vijana mwingie humo.

Ukishindwa, isome vizuri notisi ya kusudio la kutoa tuzo, yaani taarifa ya nani anakusudiwa kupewa zabuni. Kama sababu waliyokupa haimo kwenye vigezo, mwandikie afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi iliyotangaza zabuni, upesi maana siku ni chache. Asipokuridhisha, iko PPAA, Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma.

Halafu malipo. Hayo huchelewa, uwe na mtaji wa kuvumilia. Na usishushe dawati hata moja bila LPO, hati rasmi ya kuagiza bidhaa, hata mwalimu mkuu akikwambia "lete tu kijana wangu, karatasi zinakuja".