Bodaboda wa mizigo: mpigie hesabu yake kwanza

Dada, umeuliza kwa nini bodaboda amekataa shilingi 10,000 ili akupelekee mizigo kwa wateja, saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Hakuikataa kwa jeuri. Muulize kwanza: pikipiki ni yake, ya mkataba (analipa kidogo kidogo hadi iwe yake), au ya hesabu (ya bosi, anampelekea fedha kila siku)? Tuseme anampelekea bosi 10,000 kwa siku ya kazi yenye saa 10. Saa zako 4 zinabeba 4,000. Mzunguko wa Kariakoo, Mbezi na Tegeta na kurudi, weka kilomita 60. Pikipiki ya 125 yenye mzigo huenda kama kilomita 40 kwa lita, hivyo lita moja na nusu. Lita ikiwa 3,000, ni 4,500. Umeshafika 8,500 na yeye hajapata hata ya chai!

Anzia 16,000, mafuta anajiwekea mwenyewe humo humo. Au mlipe kwa kila kituo anachoshusha mzigo, lakini hapo mhesabie na safari ya kurudi mtupu, maana wengi huisahau halafu wanashangaa dereva anabeba abiria njiani na mzigo unachelewa.

Kinachovunja makubaliano kwa kawaida ni kusubiri. Dakika 10 bure kwa kila mteja, zikizidi mna bei. Mteja asipopokea simu au akikataa mzigo, nauli inabaki palepale, unailipa wewe. Fedha za wateja ziingie kwenye namba yako moja kwa moja, zisipitie kwake.

Yaandike WhatsApp, naye ajibu "sawa". Malipo kila siku saa 7, makato ya kutolea pesa kwenye simu uongeze wewe. Jaribuni wiki moja, ndipo mzungumzie bei ya mwezi.