Kumfungia mtumiaji ndani ya saraka yake: maswali yenu

Nimeweka ChrootDirectory (mpangilio wa SSH unaomfungia mtumiaji ndani ya saraka moja), lakini mtumiaji akiingia kwa SFTP (kuhamisha faili kupitia SSH) anatupwa nje papo hapo.

Swali hili haliishi, na jibu huwa limo kwenye logi ambayo muulizaji hakuifungua: "bad ownership or modes for chroot directory". Saraka ya kifungo na kila saraka iliyo juu yake mpaka / lazima ziwe mali ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), na asiwepo mwingine mwenye ruhusa ya kuandika humo. Tafadhalini, msikimbilie chmod 777 (ruhusa zote kwa wote); ndiyo kwanza inaharibu. Iacheni 755 (mwenyewe tu anaandika) mikononi mwa root, kisha ndani yake tengenezeni saraka ndogo, tuseme pakia, mumpe mtumiaji hiyo.

rbash, ile bash yenye vizuizi, haitoshi?

Haitoshi. Mwenye kihariri cha vi anaandika :set shell=/bin/sh, halafu :shell, keshatoka.

Ndani ya chroot (kifungo hicho), sheli ya bash inasema "No such file or directory" na faili ninaliona.

Kinachokosekana ni maktaba zake. Endesha ldd /bin/bash, unakili kila inachotaja, pamoja na ld-linux (kipakiaji cha maktaba). Ila ujue umejitwisha mzigo: nakala hizo apt (kisasishi cha programu) haizigusi, na siku maktaba ikigundulika ina tundu, tundu litabaki humo mpaka ulizibe mwenyewe. Kwanza niambie, huyo mtu sheli ya nini? Kama anapakia picha za duka tu, weka ForceCommand internal-sftp, inayompa SFTP tu. Haihitaji maktaba hata moja ndani ya kifungo, na ipo tangu OpenSSH 4.9 ya mwaka 2008. Ongeza AllowTcpForwarding no, inayozuia kupitisha miunganisho mingine ndani ya SSH. Wengi wanaisahau, na mteja "asiye na sheli" anachimba njia kwa ssh -N -L hadi kwenye hifadhidata mliyodhani inasikiliza localhost peke yake.

Fundi wetu anataka sudo (uwezo wa root) humo humo ndani ya chroot.

Basi hakuna kifungo. chroot ilikuja na Unix Version 7 mwaka 1979, na kazi yake ni kubadilisha mahali njia za faili zinapoanzia, basi. Root anaunda saraka, anaita chroot tena juu yake, anapanda kwa .. mpaka nje. FreeBSD walileta jail, kifungo kinachombana hata root, mwaka 2000 kwa sababu hiyo. Kwenye Linux mpeni mashine pepe yake.

Nimehariri sshd_config (faili la mipangilio ya seva ya SSH), sasa hata mimi siingii.

Omba konsoli kwa mwenye seva. Siku nyingine endesha sshd -t, inayokagua faili hilo, kabla ya kuwasha upya huduma, na dirisha la kwanza usilifunge mpaka umeingia kwa la pili.