Kualisha Vidole Hakuozeshi Mifupa, Ila Kunaweza Kukukosesha Kazi

Wiki iliyopita nimekabidhiwa usimamizi wa mapokezi katika hoteli ninayofanyia kazi hapa Moshi, na tangu niliposema habari hiyo simu haijatulia. Asanteni sana, Mungu awabariki. Katikati ya pongezi hizo umo ujumbe wa binti mmoja anayesomea utalii Arusha. Anaandika: "Shikamoo dada, hongera. Mimi nina tabia ya kualisha vidole, kuvivuta na kuvikunja mpaka vilie. Mama anasema nitapata baridi yabisi. Juzi nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo mgeni akaniuliza nafanya nini, nikamjibu 'I am breaking my fingers'. Alishtuka mpaka akataka kunishika mkono. Kiingereza chake ni nini? Na kweli ni ugonjwa?"

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu mbele ya wote kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnataka kukaa kwenye kiti nilichokalia mimi leo, na kwa sababu umenigusa penye kidonda.

Nimealisha vidole tangu nikiwa shule ya msingi Kiboriloni. Nyumbani tulikatazwa kama mnavyokatazwa nyie: vidole vitanenepa, mikono itatetemeka uzeeni. Hayo hayakuniumiza, ni maneno ya watu wanaokupenda. Kilichoniumiza ni Arusha.

Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio, hoteli siitaji. Jioni moja tukapokea kundi lililotoka Serengeti, mabegi yamejaa vumbi, watu wamechoka, kila mmoja anataka ufunguo wake sasa hivi. Nilijaza fomu zao mpaka mkono ukafa ganzi. Walipomalizika kupanda vyumbani nikafumbata ngumi ya kulia ndani ya kiganja cha kushoto, nikasukuma. Ka, ka, ka, ka. Kidole gumba nikakivuta peke yake, nacho kikalia. Msimamizi wa zamu alikuwa nyuma yangu. "Wewe, mifupa yako imeshaoza? Mikono hiyo siyo ya kazi. Mwaka hauishi utaanza kuomba ruhusa za hospitali." Alisema kwa sauti, mbele ya wenzangu na kijana wa mizigo. Mwisho wa mwezi mkataba haukuja. Nilipouliza, nikaambiwa wanahitaji mtu mwenye afya. Nikapanda Coaster kurudi Moshi.

Miaka iliyofuata siisimulii, ni vibarua vya hapa na pale. Lakini neno lile "imeshaoza" liliniganda, na nikaanza kusoma kila nilichopata kuhusu mlio huo. Ndiyo maana leo naweza kusema bila kusitasita kwamba yule msimamizi alininyima kazi kwa jambo asilolijua.

Ukweli ni huu. Mfupa haugusi mfupa. Ndani ya kiungo mna ute unaokilainisha, na ndani ya ute huo imeyeyuka gesi, nyingi ikiwa kabonidayoksaidi. Ukivuta au kukunja kidole, nafasi katikati ya mifupa inapanuka ghafla, mgandamizo unashuka, gesi inatoka kwenye ute na kuwa kiputo, kama soda inavyofanya ukifungua kizibo. Gesi ile inahitaji muda kuyeyuka tena, yapata dakika 20. Ndiyo maana kidole ulichokialisha sasa hivi hakilii tena hata ukikivuta namna gani.

Wataalamu wamebishana kuhusu sekunde yenyewe ya mlio. Mwaka 1947 watafiti wa London walisema ni kiputo kinapotokea. Mwaka 1971 wenzao wa Leeds wakasema hapana, ni kiputo kinapopasuka. Mwaka 2015 timu ya Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, ikiongozwa na Greg Kawchuk, ikaingiza kidole cha mtu kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, na kukivuta taratibu, ikaona uwazi unatokea pale pale mlio unapotoka. Mwaka 2018 wengine wa Ufaransa wakapiga hesabu na kurudi kwenye kupasuka, wakisema kiputo kikisinyaa kwa sehemu tu kinatosha kutoa mlio. Wabishane wanavyotaka. Katika mabishano yote hayo hakuna aliyesema mfupa unaoza.

Na baridi yabisi? Hapo kuna daktari mmoja wa California, Donald Unger, ambaye nampenda bila kumjua. Mama yake, shangazi zake, na baadaye mama mkwe wake, wote walimwonya kama tunavyoonywa sisi. Yeye akaamua kualisha vidole vya mkono wa kushoto tu, angalau mara mbili kwa siku, kwa miaka 50, wa kulia akauacha ili alinganishe. Kwa hesabu yake alialisha si chini ya mara 36,500. Mwaka 1998 akachapisha matokeo: mikono yote miwili salama, haina tofauti. Mwaka 2009 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza halafu zinafikirisha. Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, nakubali, lakini mwaka 2011 Wamarekani waliangalia picha za eksirei za mikono ya watu 215 na hawakukuta wanaoalisha wakiugua viungo zaidi ya wasioalisha. Utafiti wa zamani kidogo, wa 1990, nao haukuona ugonjwa wa viungo, ila uliona baadhi wamevimba mikono na nguvu ya kushika imepungua. Nakupa na hilo usije ukasema nimekuficha.

Sasa Kiingereza. Usiseme tena "break", mgeni atafikiri unavunja vidole kweli na atakuitia gari. Sema "I'm cracking my knuckles". "Knuckle" ni kile kifundo cha kidole, kile kile tulichopigiwa konzi shuleni, na K ya mwanzo haitamkwi. Wapo Wamarekani wanaosema "pop", nilisikia kwa mgeni wa Texas aliyeshuka mlimani kupitia Marangu, akaegemea kaunta yangu na kualisha kidole kimoja kimoja huku akinieleza habari za baridi ya kileleni. Mgongo na shingo navyo ni "crack". Ila "snap your fingers" ni jambo jingine kabisa, ni kule kugonganisha kidole gumba na cha kati. Waingereza husema "click". Usichanganye, maana ukisema unapenda kumfanyia mgeni hivyo atakuelewa kwamba unamwita kama mbwa.

Lakini mdogo wangu, nisikilize vizuri hapa. Mbele ya mgeni, usialishe. Najua si ugonjwa, nimekueleza mwenyewe, lakini kaunta si chumbani kwako. Wapo wageni wanaosisimkwa mwili wakisikia ule mlio, na mgeni hakuja Kilimanjaro kusikia viungo vyako. Kwenye usaili ndiyo kabisa, mikono iwe juu ya mapaja na itulie. Vijana wengi mnaokuja kuomba kazi mna vyeti vizuri, Kiingereza kizuri, halafu mikono inawatoa. Mmoja anachezea kalamu, mwingine anatafuna kucha, wa tatu analiza vidole mpaka bosi anapoteza swali. Mikono itulie! Nakwambia tena, mikono itulie. Ukichoka kuandika, nenda stoo au chooni, nyoosha vidole, fumbata na kufumbua, alisha vyote ukitaka, kisha urudi ukiwa na tabasamu.

Na wewe unayesoma ukiwa tayari msimamizi, kijana wako akialisha vidole kaunta, mwite pembeni umwambie taratibu. Usimshushue mbele za watu, na usimpe ugonjwa ambao daktari hajampa. Hapa kwangu hakuna atakayekosa mkataba kwa sababu ya vidole kulia. Kama kidole kinauma kikilia, au kimevimba, au kinagoma kunyooka, hapo ndipo nitampa ruhusa ya hospitali siku hiyo hiyo, na mshahara wake hautaguswa.