Debaga na programu: kila moja na dirisha lake

Ujumbe ninaoupata sana kutoka kwa vijana wanaoanza kuandika programu za vifaa vidogo vya Linux na kuzichunguza kwa gdb (debaga, yaani programu ya kusaka hitilafu) huwa ni uleule: "Kaka, gdb imeunganika, programu inasimama pale nilipoiambia isimame, lakini printf haitoi kitu. Na nikiandika namba ili scanf iisome, naambiwa `Undefined command: "7"`." Chini yake kuna picha ya skrini, na mara nyingi tayari kashaanza kubadilisha kodi ambayo haina tatizo lolote.

Programu ni nzima. Imeshaandika kila ilichotakiwa kuandika, ila kwenye dirisha jingine. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijagusa hitilafu yoyote kwenye kifaa cha mbali, najiuliza kwanza: stdin (njia ya kuingizia data) na stdout (njia ya kutolea maandishi) za programu hii ziko mikononi mwa nani?

Tuseme una Raspberry Pi mtandaoni na programu iitwayo `kipimo`. Unaingia kwenye Pi kwa SSH, unaandika `gdbserver :2345 ./kipimo`. Kwenye laptopu unafungua `gdb-multiarch ./kipimo`, kisha `target remote 192.168.1.50:2345`. Hapo aliyeianzisha `kipimo` ni gdbserver, wakala wa gdb anayekaa kwenye kifaa, siyo gdb, na mchakato hurithi stdin, stdout na stderr (njia ya ujumbe wa makosa) kutoka kwa aliyeuanzisha. Kwa hiyo printf zote zinatokea kwenye lile dirisha la SSH, na ukitaka kuipa programu namba, iandike hukohuko. Dirisha la gdb ni la amri za gdb tu. Ukitaka programu isome kutoka kwenye faili, elekeza upande wa kifaa: `gdbserver :2345 ./kipimo < data.txt`. Amri ya `tty` ndani ya gdb, ambayo wengi huikimbilia, ni ya programu inayokimbia kwenye kompyuta ileile yenye gdb, huku haikusaidii.

Hilo dirisha la SSH lifungue ndani ya tmux, programu inayoweka dirisha hai kwenye kifaa hata muunganisho ukikatika. Intaneti yetu tunaijua: bando likiisha katikati ya kazi, SSH inakatika, gdbserver inakufa nayo, na ile hali uliyohangaika asubuhi nzima kuipata inapotea. Ndani ya tmux unarudi na kukuta kila kitu kilivyokuwa.

Kuna njia ya mkato ambayo watu huipenda kwa sababu haihitaji kufungua poti: `target remote | ssh -T pi@192.168.1.50 gdbserver - ./kipimo`. Inafanya kazi, nami naitumia, lakini ijue tabia yake. Mfereji wa SSH unatumiwa na mazungumzo ya gdb na gdbserver, kwa hiyo stdin ya programu inaelekezwa `/dev/null`, na stdout pamoja na stderr zinapitishwa kwenye bomba moja hadi kwa gdb. Maana yake huna kibodi kabisa. Programu yenye menyu, inayosoma jibu bila kuangalia kama maandishi yameisha, itajaza skrini yako "Chagua 1-4:" mpaka uikate mwenyewe. Kwa programu inayouliza mtumiaji maswali, achana na njia hii.

Bomba hilo lina matata mengine, na haya ndiyo yanayopoteza muda wa watu wengi zaidi. Maktaba ya C ikiona stdout ni teminali, hutoa maandishi kila mstari unapoisha. Ikiona ni bomba au faili, huyakusanya kwenye bafa hadi ijae. Programu ikianguka kabla bafa haijamwagwa, mistari ya mwisho inakufa nayo. Unaona "nimefungua sensa" kama neno la mwisho, unakwenda kuichimba kodi ya sensa, kumbe programu ilishapita huko zamani na imeangukia kwenye kodi ya mtandao. Dawa ni `setvbuf(stdout, NULL, _IOLBF, 0)` mwanzoni mwa main, au kuanzisha kwa `stdbuf -oL gdbserver :2345 ./kipimo`, au kupeleka ujumbe wa uchunguzi kwenye stderr, ambayo haikusanyi. Kwa Python ni `python3 -u`. Na kama tayari umesimama ndani ya gdb na hutaki kuanza upya, andika `call (int) fflush(0)`. Usifanye hivyo ukiwa umesimama ndani ya printf yenyewe, maana bafa ya stdout inaweza kuwa katikati ya kubadilishwa, na matokeo hayatabiriki.

Njia ninayoipenda mimi kwa programu inayotaka kibodi, rangi au skrini nzima ni kuiacha ianze kawaida kwenye dirisha lake, kisha kwenye dirisha la pili: `sudo gdbserver --attach :2345 $(pidof kipimo)`. Hiyo sudo ina sababu: kwenye mifumo mingi kerneli hairuhusu mchakato kushika mwingine usio mtoto wake. Kama hitilafu inatokea mapema mno kiasi kwamba hupati muda wa kushika, weka mwanzoni mwa main `volatile int subiri = 1; while (subiri) sleep(1);`. Ukishaunganika utajikuta ndani ya sleep, kwa hiyo rudia `up` hadi ufike main, kisha andika `set var subiri = 0` na uendelee.

Kwenye mikrokontrola hakuna gdbserver wala SSH, lakini swali halibadiliki. Wanaoanza na STM32 huangukia kwenye semihosting kwa sababu haihitaji waya wa ziada: kila printf inageuka maelekezo ya `BKPT 0xAB`, prosesa inasimama, debaga inachukua maandishi, prosesa inaendelea. Ukitumia OpenOCD (programu inayounganisha gdb na bodi), kwa kawaida maandishi hayo hutokea kwenye dirisha la OpenOCD, siyo la gdb. Kwa majaribio ya mezani inatosha. Ila ukichomoa debaga ukapeleka bodi kwa mteja na printf bado zimo, ya kwanza tu inaiangusha kwenye HardFault, kosa zito la prosesa linalokatisha programu.

Mimi nanunua kiunganishi cha USB kwenda UART (poti ya siriali ya bodi), cha volti 3.3, na kuweka kasi 115200. Lakini hata UART si ya bure. Kila herufi ni biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, yaani herufi 11520 kwa sekunde. Mstari wa herufi 60 unakula zaidi ya milisekunde 5. Kama una kazi inayoitwa na taima kila milisekunde 1, ukaweka printf ndani yake, umeshabadilisha programu unayoichunguza. Hapo ndipo RTT ya SEGGER inapolipa: programu inaandika kwenye bafa iliyo ndani ya RAM na kuendelea na shughuli zake, na debaga inasoma kumbukumbu hiyo bila kusimamisha prosesa. OpenOCD nayo inaiweza tangu toleo 0.11.

Ukilazimika kupitisha konsoli na debaga kwenye waya mmoja, kwa mfano unapochunguza kerneli kwa kgdb (debaga iliyo ndani ya kerneli ya Linux) na bodi ina poti moja tu ya siriali, tumia agent-proxy. `agent-proxy 5550^5551 0 /dev/ttyUSB0,115200` inakupa konsoli kwenye poti 5550 na nafasi ya gdb kwenye 5551.

Na Ctrl-C: ukiibonyeza kwenye gdb, inatumwa baiti 0x03 na programu inasimama mikononi mwako. Programu yenyewe haipewi SIGINT. Kama unachotaka kujaribu ni kodi yako ya kujizima vizuri, isimamishe kwanza, kisha andika `signal SIGINT`.