Maswali na Majibu: Mazoezi ya Kusaidiwa kwa Mzee Mwenye Kisukari

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaowahudumia wazee wenye kisukari ambao pia wana ulemavu.

Baba alipata kiharusi, upande wa kulia umepooza. Kila asubuhi namnyoosha mkono na mguu akiwa amelala. Je, hiyo inashusha sukari?

Endelea, maana unamkinga na viungo kukakamaa. Ila kwa upande wa sukari, faida yake ni ndogo. Kinachovuta sukari kutoka kwenye damu ni msuli unaojikaza wenyewe. Msuli ukijikaza, vipitishi vya sukari vilivyomo ndani ya seli zake hupanda hadi kwenye utando na kuanza kuiingiza, na hilo hufanyika hata kwa mtu ambaye insulini yake imepungua nguvu. Unapomnyanyua mguu huku yeye ametulia, misuli iliyofanya kazi ni yako.

Kwa hiyo badilisha utaratibu: yeye aanze, wewe umalizie. Mkalishe, mwambie, "Baba, nyoosha goti," kisha subiri. Usimharakishe, baada ya kiharusi amri huchukua muda kufika mguuni. Ukiona msuli wa paja umetikisika, hata kama kisigino hakijabanduka sakafuni, weka kiganja chako chini ya kisigino na umwongezee nguvu ile tu iliyopungua. Wakati wa kushusha, mwombe aushushe polepole, asiuache udondoke, kwa sababu kule kuuzuia nako ni kazi ya msuli. Mguu mzima nao usisahaulike. Huo ndio utakaobeba sehemu kubwa ya zoezi, nao mara nyingi huachwa kwa kuwa "hauumwi".

Tahadhari moja: usiuvute kamwe mkono uliopooza. Bega lake limelegea na huumia upesi. Ushike kwa chini, kwenye kiwiko na kifundo, na usiupandishe juu ya usawa wa bega mpaka mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe namna.

Mama yuko kwenye kiti cha magurudumu, miguu haifanyi kazi kabisa. Afanye nini, na saa ngapi?

Mikono inatosha kuanzia. Avute mkanda wa mpira wa mazoezi, arushe ngumi hewani, au azungushe pedali za mikono zilizofungwa mezani. Kama vidole havikazi vizuri, mkono wake unaweza kufungwa kwenye pedali kwa kitambaa laini, nawe ukasukuma upande wa pili pale anapochoka. Funga breki za kiti kwanza.

Wakati mzuri ni baada ya kula, sukari inapopanda. Dakika 10 baada ya kila mlo zinamfaa kuliko nusu saa ya mfululizo itakayomlaza hoi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki hata kwa watu wenye ulemavu, lakini mwongozo huohuo unasema kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Mama akianza na dakika 3, hizo 3 zihesabiwe.

Bibi anatumia insulini. Juzi katikati ya mazoezi alitokwa na jasho, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Tuache?

Msiache, ila msirudie kwa namna ileile kabla ya kuzungumza na daktari wake. Dalili hizo zinaelekea sana kwenye kushuka kwa sukari. Likitokea tena, simamisheni zoezi na mpime. Chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita, apewe gramu 15 za sukari, kama vijiko 3 vya chai, ikorogwe kwenye maji. Pimeni tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini mrudie. Akiwa hawezi kumeza au amepoteza fahamu, msimtie chochote mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na muite msaada wa dharura. Vilevile, maneno yakiendelea kuvurugika huku sukari iko sawa, au uso ukienda upande, hiyo inaweza kuwa kiharusi, wahini hospitali.

Siku zote mpimeni kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, ale kitu kwanza. Ikizidi milimoli 13.9 naye anatapika au anajisikia vibaya, hakuna mazoezi siku hiyo, ni hospitali. Msimchome insulini kwenye paja linalokwenda kufanya kazi, maana itaingia mwilini haraka mno. Na usiku wa siku ya mazoezi muwe macho, sukari huweza kushuka saa nyingi baadaye.

Hatari hii iko pia kwa wanaotumia vidonge vya kisukari viitwavyo glibenklamidi. Anayetumia metformini peke yake ni nadra kupatwa. Naomba sana mlizingatie hili: mzee asiyeweza kusema vizuri hatakwambia "nasikia kizunguzungu". Atanyamaza, au atakuwa mkali ghafla. Dawa fulani za presha nazo huficha kutetemeka na mapigo ya moyo, ikabaki jasho tu.

Miguu ya mzee wangu ina ganzi. Afanye mazoezi pekupeku?

Hapana. Soksi zisizobana na viatu vilivyofunika vidole, na baada ya zoezi kagua nyayo na katikati ya vidole. Ukikuta kidonda au wekundu usiokwisha, mguu huo usikanyagiwe hadi uonwe.

Babu anakataa. Anasema tunamfanya mtoto.

Ana haki ya kuchukia kushikwashikwa. Muulize ni jambo gani angependa kulifanya bila kusaidiwa. Wengi hutaja choo. Basi zoezi lake liwe kuinuka kitini: asogee ukingoni, arudishe nyayo nyuma ya magoti, ainamishe kifua mbele, ndipo asimame. Wewe simama upande wake dhaifu, mkono kiunoni, wala usimnyanyue kwa makwapa. Akishasimama, atulie kidogo kabla ya hatua ya kwanza, kwani kisukari cha muda mrefu huweza kufanya presha ishuke mtu anapoinuka. Na idadi ya mara za kurudia aipange mwenyewe.