Kabla hujaongeza springi: kumtafuta fundi wa basi lililogeuzwa nyumba, Arusha na Moshi

Coaster, basi dogo la Toyota, iliyong'olewa viti ikawekewa kitanda, jiko na matangi ya maji haiishi tena maisha ya Coaster. Ya abiria hujaa asubuhi, hushusha, na usiku hulala tupu. Ya nyumba hubeba mzigo wake saa 24, iwe barabarani au imeegeshwa chini ya mti, na springi zake hazipumziki hata kidogo. Ndiyo maana nyingi huanza kulala nyuma au kulalia upande mmoja. Na karibu kila gereji utakayoingia itakupa jibu lilelile: "Ongeza springi moja, mambo yataisha." Mara nyingi hayaishi. Tatizo linahamia mbele, kwenye breki au kwenye chasisi.

Kwa hiyo anza na mizani na futikamba, halafu ndipo utafute fundi. Ukiwa na vipimo mkononi, nusu saa ya mazungumzo inatosha kukuonyesha kama uliyenaye anajua kazi hii.

Jaza maji, weka mitungi ya gesi, nguo na vyombo kama unavyosafiri kweli, kisha pima. Magari ya kuanzia tani 3.5 hulazimika kupita mizani, na ukitoka Arusha kwenda Karatu au Babati utapita Makuyuni; ukitoka Moshi kwenda Tanga au Dar es Salaam, ipo ya Njiapanda ya Himo. Omba kuona uzito wa kila ekseli, uuandike. Usidanganyike kwa kuruhusiwa kupita. Sheria inakubali tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 10 kwenye ekseli moja yenye tairi nne, na basi dogo halikuundwa kubeba hata karibu na hapo. Kikomo chako kiko kwenye kibao cha kiwandani kilichopigwa kwenye gari. Basi linaweza kupita mizani ya serikali vizuri kabisa huku springi zake zimezidiwa.

Kushoto na kulia pia pana hesabu yake. Ukipata mizani ya ghala la mazao au ya wanunuzi wa vyuma chakavu yenye uwanja uliosawazishwa kuizunguka, pandisha tairi za upande mmoja tu, kisha geuza upime upande wa pili. Hutapata namba kamili ya maabara, ila utajua upande upi unaonewa. Tangi la lita 200 ni kilo 200. Betri mbili za asidi za Ah 200 zinapita kilo 100. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijaa unakaribia kilo 30 pamoja na chuma chake. Plywood ya milimita 18, shiti moja tu, ni kilo 30 na kitu. Vyote hivyo vikipangwa upande wa jikoni ni sawa na watu wazima watano waliokaa viti vya kushoto na hawashuki kituo chochote. Kuhamishia betri upande wa pili ni kazi ya siku moja, na hakuna springi itakayokufanyia kazi hiyo kwa bei hiyo.

Kisha urefu wa kwenda juu. Sawazisha upepo wa tairi, egesha kwenye sakafu ya zege iliyonyooka (uwanja wa kituo cha mafuta unafaa, ukiomba ruhusa), pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne. Tofauti ya milimita 10 kati ya kushoto na kulia isikunyime usingizi. Ikizidi 20, kuna jambo. Pima pia nafasi kati ya ekseli na ile raba inayoizuia isigonge chasisi. Kama basi likiwa limesimama tu unaweza kupitisha vidole viwili kwa shida, kila shimo utakalokutana nalo litapiga chasisi moja kwa moja.

Kipimo cha mwisho ni umbali wa kati ya habu ya mbele na ya nyuma, kushoto na kulia, usukani ukiwa umenyooka. Ukiona upande mmoja umepungua milimita 10 au zaidi, ekseli imehama kwenye springi. Ipo njia nyingine ya kuthibitisha isiyohitaji futikamba: pita kwenye maji, endelea moja kwa moja kwenye zege kavu, shuka uangalie alama. Alama za nyuma zikikaa pembeni ya za mbele kwa upande mmoja, basi linatembea kama kaa.

Sasa lala chini na tochi, gari likiwa limesimama kwa miguu yake yote, halijapandishwa jeki. Angalia pale springi inapokaa juu ya ekseli, imebanwa na yubolti mbili (bolti zenye umbo la U). Futa vumbi kwa kitambaa. Yubolti iliyokaza vizuri ina uchafu uleule kote. Iliyolegea ina mstari mwembamba wa chuma king'aacho palipokuwa panasuguana, na chini yake unga mwekundu-kahawia, laini kama hiliki iliyotwangwa. Huo ni kutu mpya ya vyuma vinavyosagana. Ukikuta unga wa namna hiyo ukitoka kati ya mapande ya springi (vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine), au ukiwa kama uzi unaokatiza pande moja, fuata huo uzi kwa ukucha: mara nyingi pande limeshapasuka. Mpasuko huja zaidi katikati, kwenye tundu la senta bolti (inayoshikanisha mapande yote), au karibu na jicho la pande kuu, yaani tundu la mwisho wake. Yubolti zikilegea, senta bolti hubeba kazi isiyo yake na kukatika, na hapo ndipo ekseli inapohama.

Shokapu nazo: kulisukuma basi zito kwa mikono ili uone linavyodunda hakukuambii kitu. Tembea kilomita 10 za barabara mbovu, simama, gusa kila shokapu kwa nyuma ya mkono, kwa tahadhari. Inayofanya kazi ina joto. Iliyo baridi wakati wenzake ni moto imekufa, hata kama haivuji mafuta.

Ukishajua hayo, unakwenda wapi? Arusha ina mafundi wa aina tatu ambao watu huwachanganya. Wapo wa magari ya utalii, na kwao Land Cruiser si kitu. Wameona kila aina ya springi iliyovunjwa na njia ya kwenda Serengeti, maana lami inaishia Lodoare, lango la Ngorongoro. Ila wamezoea gari jepesi kuliko lako. Wapo wa malori, wengi wao mtaa wa Unga Limited na jirani zake, wenye springi za kila unene na nguvu ya kuzifungua. Hatari yao ni moja: huongeza chuma mpaka basi liwe gumu kama trekta, kisha makabati yako yaanze kuachia misumari. Na wapo wanaohudumia Coaster za abiria za Arusha na Moshi. Kwa basi la nyumba, anza na hawa wa tatu, halafu pande la springi likihitajika, mwende pamoja kwa wa malori.

Stendi usiulize "fundi mzuri yuko wapi?" Kila mtu ana shemeji yake. Muulize dereva wa Coaster inayokaa sawa: "Kaka, springi zako anafunga nani, na zina muda gani tangu zifungwe?" Jina likitajwa na madereva watatu wasiokaa meza moja, nenda ukaangalie. Moshi fanya hivyohivyo. Ni mji mdogo, sifa ya fundi haifichiki.

Ukifika, usitoe ufunguo kwanza. Tazama uwanja. Pana zege au mbao nene za kuwekea jeki? Masika udongo wetu hulainika, na jeki ya tani 5 huzama polepole huku mtu yuko chini. Pana stendi za chuma, au wanategemea mawe na jeki peke yake? Basi lako lenye sola na kerea juu linapita chini ya geti na nyaya za umeme? Kisha mwonyeshe vipimo vyako. Fundi unayemtaka ataviangalia, atauliza mzigo umekaa wapi, atalala chini kuhakikisha mwenyewe. Anayekutajia bei kabla hajainama, mshukuru uondoke.

Yapo maswali ambayo majibu yake hayana mjadala. Anabadilisha yubolti kila zinapofunguliwa? Jibu ni ndiyo. Yubolti iliyokwisha kuvutwa haishiki tena kama mpya. Springi anafunga kwa jozi? Ndiyo, kushoto na kulia pamoja. Anachomelea pande lililokatika? Hapana, kamwe. Chuma cha springi kina kaboni karibu asilimia 0.6 na kimepikwa kiwandani. Moto wa weldingi unakifanya kiwe kama kioo pembeni ya mshono, na kitakatika hapohapo. Vivyo hivyo kulikunja pande upya kwa kulichoma motoni bila kulipoza na kulipika tena kwa kipimo: litasimama vizuri wiki mbili, kisha litalala kuliko mwanzo.

Bushi za raba ndizo zinazowaumbua wengi. Bolti zake hukazwa basi likiwa limeshuka chini, uzito wote uko kwenye springi. Zikikazwa ekseli inaning'inia, raba inajifunga katika mkao huo wa kuning'inia, na basi likishuka inanyongwa. Baada ya miezi michache unasikia "kong" kila tuta na kudhani spea ilikuwa feki. Kama springi zako zina pini za chuma na nipo za grisi (vichuchu vya kuingizia grisi), ni kinyume chake: nyanyua chasisi, ekseli ining'inie, ndipo grisi iingie upande unaobeba mzigo.

Coaster nyingi za mfululizo wa 50, zilizoanza kutoka 1993, mbele zina toshenibaa (fimbo ya chuma inayobeba mzigo kwa kujinyonga) badala ya springi. Kukaza bolti yake kunainua pua ya gari, lakini hakuongezi nguvu. Ukiinua sana, gurudumu linakosa nafasi ya kushuka na linagonga kila tairi inaposhuka shimoni. Toshenibaa ya kushoto haiingii kulia, kwa hiyo ziwekwe alama kabla hazijatolewa, na kazi ikiisha lazima upige alaimenti.

Kuinua nyuma kuna mtego ambao hata mafundi wazuri huusahau. Baadhi ya mabasi madogo yana vali ya breki inayosoma mzigo kwa mkono mdogo ulioungwa kati ya chasisi na ekseli. Ukiinua nyuma kwa kuongeza pande, vali inaamini gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, wakati basi limejaa. Hakikisha mkono huo umerekebishwa upya. Taa za mbele pia zielekezwe tena.

Kabla ya cheche yoyote ya weldingi, na hili tunaomba usilichukulie kirahisi, toa mitungi ya gesi nje ya basi kabisa. Kufunga koki peke yake hakutoshi. Tenganisha waya hasi wa betri zote, za gari na za nyumba, na uzime sola na inveta. Earth ya mashine ifungwe karibu na panapochomelewa. Mtu akae ndani na ndoo ya maji na kizimamoto, kwa sababu juu ya chasisi yako kuna plywood, sponji na nyaya ambazo fundi aliye chini hazioni. Kingo za juu na chini za chasisi zisitobolewe wala kuchomelewa; ukikuta aliyefunga tangi alitoboa karibu na hanga ya springi, tafuta nyufa hapo kwanza.

Malizaneni bei kwa maandishi: ufundi peke yake, spea peke yake. Nenda naye dukani, chukua risiti ya EFD, dai spea za zamani urudi nazo. Piga picha chini ya basi kabla na baada.

Jaribio lisiwe kuzunguka mtaani. Pakia kila kitu, ingia kwenye lami, kama ile ya baipasi kati ya Ngaramtoni na Usa River, uone kama basi linashika njia ukilegeza usukani kidogo, kisha tafuta kipande cha vumbi chenye mawimbi. Rudi kwenye zege ileile uliyoanzia, pima pembe nne tena. Yubolti zikazwe upya kwa toku renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) baada ya kilomita 100 hivi, na tena zikifika 500, kwa msalaba, basi likiwa na mzigo wake. Kipimo cha nguvu ya kukaza kitoke kwenye kitabu cha gari lako. Baada ya hapo pima urefu kila mwezi kwa miezi mitatu. Springi mpya hushuka kidogo mwanzoni kisha husimama. Zikiendelea kushuka mwezi wa tatu, rudi kwenye mizani, kwa sababu bado umebeba kilo ambazo basi halikuumbiwa.