Maswali na Majibu: Hasara ya Wadudu Kwenye Michungwa

Ninaleta machungwa ya Muheza kuuza Buguruni. Yanafika yakiwa mazuri, lakini baada ya siku chache mengine hulainika na kutoa funza. Je, nimeuziwa mabovu?

Huenda hata aliyekuuzia hakujua. Inzi wa matunda hutoboa ganda na kutaga mayai chungwa likiwa bado mtini, akiacha kitundu cha kiasi cha ncha ya sindano ambacho baadaye huzungukwa na doa laini. Aina moja iliyotoka Asia, Bactrocera dorsalis, iligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003 na sasa imeenea. Hasara husafiri pamoja na mzigo, nawe ukishaumia, safari inayofuata unashusha bei ya shamba zima, hata ya machungwa yasiyo na kasoro, na mkulima analipa bila kujua analipia nini. Pasua machache yenye alama kabla ya kukubaliana bei.

Nina ekari mbili Mkuranga, nami ninaishi Tegeta. Gharama ya kupulizia dawa inarudi?

Kwa inzi wa matunda, kupulizia shamba zima mara kwa mara sikushauri, kwa sababu funza aliye ndani ya chungwa ni vigumu kumfikia, na dawa hiyohiyo huua wadudu wanaotusaidia. Fedha hiyo mlipe kwanza kibarua wa kuokota machungwa yaliyoanguka, maana funza hutoka humo, huingia ardhini na kurudi akiwa inzi. Yafungwe kwenye nailoni nyeusi na kuanikwa juani, au yafukiwe kwenye shimo refu. Jirani asipookota, utawalisha inzi wake. Na mara nyingi, uniwie radhi, jirani huyo ni mwenye shamba anayeishi mjini.

Nasikia kuna mdudu anayeua miti yenyewe.

Kinachoua ni bakteria anaoeneza. Diaphorina citri, mdudu mdogo anayefyonza machipukizi huku ameinua mkia, aliripotiwa nchini Tanzania mwaka 2016. Mti ulioambukizwa huwa na majani yenye mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili, na matunda yaliyopinda, machungu, tiba hakuna. Huko Florida mdudu alionekana mwaka 1998 na ugonjwa mwaka 2005. Mavuno ya machungwa, yaliyokuwa makasha milioni 242 msimu wa 2003/04, yalishuka chini ya milioni 20 msimu wa 2023/24, ingawa vimbunga navyo vilichangia. Inzi hula faida ya msimu, huyu anakula mtaji wa miaka. Kwa hiyo miche ya bei rahisi ya kando ya barabara, ambayo haijulikani ilikotoka, ndiyo ghali kuliko zote.

Majimoto, wale sisimizi wanaouma, wamejaa michungwani na wachumaji wanalalamika. Niwaue?

Usiwaue. Wakulima wa China waliwatumia jamaa zao kulinda michungwa yapata miaka 1,700 iliyopita. Kasoro yao ni kuwalinda wadudu gamba, wanaofyonza utomvu wa mti, kwa ajili ya utamu wanaotoa, hivyo ukiona masizi meusi juu ya majani, chunguza matawi. Wachumaji waanze alfajiri, na ujira wao uongezwe kidogo.